Treni Iliyotembea Bila Mpini

Sogeeni. Uliyesimama mlangoni, ingia ndani au toka nje, maana nikisimulia sipendi mtu wa katikati. Na wewe mwenye karanga, tafuna polepole. Mwisho wa hadithi hii nitawauliza swali na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa. Tena leo siwasimulii kuwafurahisha. Nimekwama, jamani. Kesho alasiri kuna watu wananingoja niwape jibu, nami jibu sina.

Katika kota za reli, jirani yangu mlango kwa mlango, kuna nyumba ya Mzee Msabila, dereva wa treni. Yeye na mkewe, Mama Mihayo, walizaa watoto watatu, na kila mtoto alipewa kipaji chake.

Mihayo, wa kwanza, kipaji chake kiko mikononi. Ni fundi bati. Mletee debe bovu, utaondoka na jiko. Chujio nililochujia chai pale stesheni miaka yangu yote ya biashara alinitengenezea yeye, na mpaka leo halijatoboka.

Nyamizi, wa pili, kipaji chake kiko kichwani. Anafundisha sekondari, na vipindi vikiisha anakaa na wanafunzi wake wanaunda roboti: vigari vinavyokwepa ukuta, mikono ya plastiki inayookota chaki. Akiwaza hasikii. Unaweza kumwita kula mpaka chakula kipoe.

Kalunde, kitinda mimba, hana bati wala kompyuta. Kipaji chake ni mwili unaokumbuka. Utotoni baba yake alikuwa akimpakia kwenye injini, ingawa hairuhusiwi, anampakata, anakishika kile kimkono chake na kukiweka juu ya mpini. Leo ni dada mzima anaendesha trekta kwenye mashamba ya tumbaku. Lakini mfumbe macho umwambie, "Tunaondoka stesheni ya Itobela," atakutajia reli inapinda wapi, inapanda wapi, na ni wapi dereva anagusa breki kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu bila jambo hili mtapotea. Injini ya treni ina mpini wa chuma, mfupi, unaochomekwa kwenye meza ya dereva. Pasipo mpini injini haiendi mbele wala hairudi nyuma. Dereva akishuka, hata kama anashuka kujisaidia tu, anauchomoa na kwenda nao. Zamu ikiisha anaukabidhi kwa bwana stesheni. Hapo ndipo tunasema fulani ametoka kazini. Asipoukabidhi, yuko kazini, hata kama mnamwona sokoni ananunua mchicha.

Mzee Msabila alikuwa na mazoea yake. Akikaribia mji anapiga honi mbili fupi, mkewe anajua, anainjika maji ya ugali. Kota nzima tulijua honi zile ni za nani. Wanaume wengine wake zao walikuwa wakiwasema kwa sababu yake.

Masika moja mzee alikuwa anarudi na injini tupu, bila mabehewa, kutoka magharibi. Msaidizi wake alishikwa na homa, mzee akamwacha Itobela apate dawa. Akaja peke yake. Mimi nilikuwa stesheni namimina chai. Mvua ilikuwa imekatika na jua linawaka. Nikaiona injini inaingia polepole, bila honi, ikaja mpaka kwenye kibao chake cha siku zote na kusimama sawasawa. Tukangoja dereva ateremke. Hakuteremka mtu. Bwana stesheni akapanda, akachungulia, akatoka amebadilika uso.

"Humu hamna mtu," alisema.

Sweta la mzee lilikuwa juu ya kiti. Taa yake ya mkono ilikuwa inaning'inia kwenye ndoana yake. Na pale mezani, mahali pa mpini, palikuwa na tundu tupu.

Mafundi walituambia breki zilivuja na mteremko ndio ulioisukuma. Haya, mteremko. Na kule kufunga breki mbele ya kibao, ni mteremko pia? Niliwauliza, wakaniambia mama, wewe endelea na chai yako.

Mzee alitafutwa njia nzima, porini, mitoni, kwenye mizinga ya watu wa asali. Hakuonekana. Ndugu wakakubaliana wamlilie tu, waweke matanga. Mama Mihayo akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Msabila amekabidhi mpini?" aliwauliza.

"Hajakabidhi," mmoja alikiri.

"Basi yuko kazini. Mnataka nimlilie mtu aliyeko kazini? Rudini makwenu."

Huo ndio ukawa msimamo wake. Hakuvaa nguo ya msiba. Kila treni ya magharibi ilipolia alipika ugali wa watu wawili, akaweka sahani ya mumewe mezani, akaenda kusimama kwenye ua. Sisi tuliona ni wazimu, lakini alikuwa anakula, anaoga, anagombana na wauza samaki. Alikuwa hai.

Kisha treni zikaacha kupita kwetu. Reli ile kongwe ilifungwa. Kukawa kimya, kimya kile cha kusikia panya darini mchana. Mama Mihayo akaacha kupika. Baadaye akaacha kula. Khanga moja ikawa inamzunguka mara mbili na kubaki. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Ikafika mahali nikiamka asubuhi, kabla ya kunawa uso, naenda kwanza kusikiliza dirishani kwake kama anapumua.

Ndipo Nyamizi alipowaita wenzake. "Mama anataka kusikia treni," alisema. "Tumtengenezee treni."

Wakaondoa makochi sebuleni, wakaijenga reli yote sakafuni: mji wetu, mapori, vilima vya udongo, Itobela na stesheni nyingine. Walijenga hadi nyumba yao wenyewe, kijumba cha bati chenye ukubwa wa kiberiti kikubwa, na Mihayo akakichorea mlango mwekundu kwa brashi. Mlango wa rangi tu, haukuwa wa kufunguka. Shikeni hilo.

Mihayo alitengeneza mwili wa treni. Alikataa bati la dukani. Alimwendea mama yake, akamwomba ile taa ya mkono iliyorudi na injini, na mama akampa mwenyewe. Mihayo akaikata taa ya baba yake, machozi yanamtoka, akaikunja ikawa injini ndogo yenye magurudumu na madirisha. Kwa kuwa ni mtoto wa reli, akaitengenezea na mpini, mdogo kama msumari. Ukiuchomeka, umeme unapita. Ukiuchomoa, treni inakufa.

Nyamizi aliipa akili. Akaifungia mota, betri, honi na sensa za kuona njia, na katikati yake akaweka kijikompyuta. "Sikuiandikia safari," aliniambia. "Ningeiandikia kila hatua ingekuwa saa ya ukutani tu. Nimeiandikia kujifunza. Itaangalia inavyoendeshwa, halafu itajiendesha."

Kalunde ndiye aliyeifundisha. Alikaa mkekani na rimoti mkononi, akafumba macho, akaendesha. Kila siku akitoka shamba, na vumbi la tumbaku mwilini, anaendesha. Nilimwona kwa macho yangu. Kwenye kona alikuwa anapiga ulimi, nt, nt, vilevile alivyokuwa akifanya baba yake. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anafanya. Siku moja akaiweka rimoti chini akasema, "Sasa tuiache."

Tukaiacha. Ikaondoka peke yake, ikapinda, ikapanda, ikagusa breki palepale pa kuguswa. Ilipoukaribia mji ikapiga honi mbili fupi. Mle chumbani tukasikia kitanda kinalia. Mama Mihayo akatoka, akatupita kama hatuoni, akaenda jikoni kuinjika maji ya ugali. Siku hiyo alikula mpaka akaomba mboga tena. Jamani, tulilia.

Ingeishia hapo ningekuwa nimekwenda kulala zamani.

Siku chache baadaye treni ilianza kusimama. Kati ya Itobela na mji reli inapita juu ya kalvati, lile tundu la kupitishia maji ya mvua, ambalo Mihayo alilitengeneza kwa kopo la nyanya. Treni ikifika pale inasimama. Inapiga honi moja ndefu, inatulia, halafu inaendelea. Kila safari hivyo hivyo.

Mihayo akasafisha reli, akakagua magurudumu. Mazima. Nyamizi akasema ni sensa zimeingia vumbi, akazifuta, akaifuta na kumbukumbu yote, ikafundishwa upya tangu mwanzo. Ikasimama palepale.

"Wewe Kalunde, ulisimama hapa ulipokuwa unaifundisha?" Nyamizi aliuliza.

"Sijawahi. Baba hakuwa anasimama hapo hata siku moja. Hapo ni pa kupita."

Mihayo akafanya ujanja. Akaling'oa lile kopo akalihamishia ng'ambo ya vilima, akidhani treni inalikwepa. Treni ikapita juu ya kopo bila habari, ikaenda kusimama mahali kopo lilipokuwa mwanzo, mahali pasipo na kitu. Ikalia honi yake ndefu. Ilikuwa alasiri, jua limejaa sebuleni, lakini mimi nikajikuta nimemshika Kalunde mkono.

Mama Mihayo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anatazama.

"Anashuka hapo," alisema.

Kesho yake watoto walikwenda na watu wa serikali na majembe. Kando ya kalvati lenyewe tuta lilikuwa limeporomoka zamani, majani yameota juu yake. Wakachimba. Mzee Msabila alikuwa hapo. Inaonekana aliona mvua imeila tuta, akasimamisha injini, akashuka kukagua, udongo ukamwangukia. Na mpini wa chuma alikuwa ameufunga kiunoni ndani ya koti. Aliushusha kama sheria inavyotaka.

Sasa msiniulize ile injini ilifikaje mjini bila mpini. Mimi niliiona ikiingia, basi.

Tulimzika. Kabla ya maziko Mama Mihayo aliufunga mpini ule katika khanga, akaupeleka mwenyewe kwa bwana stesheni. Yule mzee, stesheni yake imeota magugu, alivaa kofia yake ya kazi, akaupokea kwa mikono miwili. "Zamu imekwisha, Msabila," alisema. Hapo ndipo Mama Mihayo akalia. Alilia kilio cha miaka yote ile, na sisi tukamwacha alie.

Siku ya kuanua matanga akawaita wanawe mbele yetu majirani. Alikuwa amenenepa kidogo, sauti imerudi.

"Treni ile haigawanyiki," alisema. "Aliyemrudisha baba yenu nyumbani, achukue iwe yake. Yeye ndiye atakayesema ifanywe nini, na mimi nitakubali. Asiyestahili asiiguse."

Tulipiga vigelegele. Tulidhani ni zawadi tu, kumbe!

Mihayo akasema, "Ni mimi. Mlifuta akili yake mkaifundisha upya, ikasimama palepale. Kitu gani hakikubadilika? Bati. Ile ni taa ya baba. Ilikuwa naye siku ile, iliona aliposhuka."

Nyamizi akasema, "Kaka, taa ile ilining'inia ukutani miaka yote haikutuambia kitu. Mimi ndiye niliyeipa uwezo wa kuchagua. Kama nisingeiachia nafasi ya kuamua, ingesimama vipi mahali ambapo haikuambiwa?"

Kalunde aliutazama mkono wake. "Nilipokuwa naifundisha," alisema, "sikuwa nahisi rimoti. Nilikuwa nahisi mkono wa baba juu ya wangu. Bati na akili mngeweza kupata kwingine. Mkono ule mngeupata wapi?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mihayo, kwa hasira, akauchomoa ule mpini mdogo akautia mfukoni. "Haitembei tena mpaka ijulikane ni ya nani," alisema.

Alasiri ya kesho yake nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mpunga. Nikasikia honi mbili fupi. Nikamlaani Mihayo kimoyomoyo, nikajua ameshindwa kuvumilia. Nikaenda kuchungulia. Mihayo alikuwa amesimama katikati ya sebule, kijivu usoni, na ule mpini mdogo uko kiganjani mwake.

Treni ilikuwa inatembea.

Ilipita kalvatini bila kusimama. Ikaja mpaka mbele ya kile kijumba cha bati ikasimama hapo, mlangoni, imetulia. Haikuondoka mpaka jua lilipotoka dirishani. Siku iliyofuata ilikuja tena, ikakaa zaidi. Nyamizi akatoa betri, akaziweka kwenye sahani mezani, sote tunaziona. Ikaja.

Naye Mama Mihayo siku hizi alasiri anaoga mapema. Anavaa khanga yake mpya na viatu vya kutokea, anakaa kwenye kiti na kikapu magotini. Ndani ya kikapu kuna chakula cha watu wawili kimefunikwa vizuri. Haumwi. Anacheka, ananitania juu ya unene wangu.

"Mama, unakwenda wapi?" Kalunde alimwuliza mbele yangu.

"Siendi popote, mwanangu. Lakini treni ikikungoja, si adabu kuichelewesha."

Mmeona sasa nilipokwama? Mihayo anasema akipewa ataiyeyusha siku hiyohiyo, bati liwe donge, mama abaki. Wenzake wanamkumbusha ule ukimya ulivyotaka kumwua mama mara ya kwanza. Nyamizi anasema yeye ataifungua akili, afute kule kungoja tu, na honi zibaki. Wanamwambia ulishindwa kufuta kituo cha kwanza, hiki utakiweza? Kalunde anasema iachwe iende. "Ilimleta baba," anasema. "Mama si mtoto mdogo. Kama ni safari, ni yake." Mihayo alimnyanyulia mkono kwa neno hilo, tukamshika.

Na mama mwenyewe ameng'ang'ania lilelile. Apewe mwenye haki, na mwenye haki akisema iyeyushwe, atavua viatu na hatalalamika. Wamenichagua mimi niamue, ati kwa sababu niliona injini ile ikiingia. Niliwaambia nipeni mpaka kesho nikawaulize watu wenye akili kunizidi. Msivimbe vichwa, ni ninyi hao.

Kwa hiyo semeni. Nani alimrudisha Mzee Msabila nyumbani? Aliyekata taa, aliyetoa akili, au aliyetoa mkono? Mkimtaja mmoja, jueni mmeamua na la mama yake.

Na msichukue usiku kucha. Leo nikija huku nilipita dirishani kwao. Treni ilikuwa imeshafika. Mama Mihayo alikuwa amesimama, kikapu mkononi, ameinama anatazama kile kijumba cha bati. Nami nikatazama. Ule mlango mwekundu ambao Mihayo aliuchora kwa brashi ulikuwa wazi.

Haya, anzeni na wewe mwenye karanga. Treni apewe nani?